TAHADHARI: Kuna fundi redio mtaa wa Gerezani, Dar, ameniuzia ampi (kikuza sauti cha gari) yangu mwenyewe

Wakuu, nimepigwa. Tena si kupigwa kwa kawaida: nimeuziwa kitu changu kwa laki nne, nikashukuru, nikampa na kijana wake hela ya soda. Mliokuwa mnauliza mbona siku hizi nimekuwa mkali kwenye simu, sababu ndiyo hii.

Gari yangu ni Subaru. Redio ni ya kiwandani, imekuja nayo kutoka Japan. Tuliporudi kutoka Morogoro sauti ikakata. Skrini inawaka, sidii inazunguka, dakika za wimbo zinahesabu, lakini spika zote kimya. Pandisha volyumu mpaka mwisho, hata mkoromo husikii.

Sasa kabla hamjanicheka, sikilizeni yule fundi wa Gerezani niliyempelekea alivyo. Hakunirukia kama wale wanaofungua boneti hujazima hata gari. Alikuwa ametulia kwenye kiti chake, duka limefagiwa, kitabu cha risiti na muhuri viko mezani. Akaniuliza, "Bosi, redio yako FM inaishia tisini, siyo?" Nikasema ndiyo. Akanieleza kwamba Wajapani wao wanaanzia 76, redio zao za zamani zinaishia 90, na sisi huku stesheni zinapanda mpaka 108, ndiyo maana watu wanafungiwa konveta, kidude cha kushusha stesheni za juu redio izishike. Kweli tupu! Mtu anayekwambia ukweli namna hiyo utamshtukia vipi? Halafu kupima ni bure. "Mimi sili hela ya mtu kabla sijaona ugonjwa." Adhana ikalia, akaniomba radhi, akaenda kuswali, akaniacha na duka lake wazi. Nani angemshuku?

Aliporudi akasogeza kiti cha abiria, akafungua nati, akachomoa ampi. Kwa wasiojua, kwenye gari kama yangu ile redio ya mbele haisukumi spika yenyewe. Kuna boksi la bati limejificha chini ya kiti, nguvu zote ziko humo. Akalileta puani, akafumba macho, akanusa kama mpishi anayeonja pilau, akatikisa kichwa. Kisha akaninusisha na mimi. "Sikia hiyo harufu bosi. IC, chipu ya sauti, imeungua." Nikanusa. Nikasema kweli, inanuka kuungua.

Kilichokuwa kinanuka ni ukwaju. Binti yangu alimwaga juisi kwenye kile kiti siku ya Idi, kumbe ilichuruzika mpaka chini.

Nikamwambia ngoja nikaulize bei kwingine. Akasema sawa bosi, ila ukifika huko wasichomoe betri, redio za Japan ukichomoa betri zinajifunga. Na hilo pia lina ukweli wake: Toyota nyingi zenye navigesheni ukichomoa betri zinakutolea maandishi ya Kijapani na kudai namba ya kufungulia, ile ya ERC. Yangu haina navigesheni. Lakini pale uko juani, gari kiti kimeng'olewa, wa maegesho anakuzunguka na kimashine chake, hayo utayawazia saa ngapi?

Kijana akatumwa stoo "akalinganishe soketi". Akaondoka na ampi yangu mkononi, mimi naangalia. Akarudi na boksi mbili. Moja ina masizi, imebonyea: "Hii hapa yako." (Nilikuwa nimeiona kwa dakika moja tu chini ya kiti, ningeijuaje?) Nyingine imezungushiwa nailoni, imeandikwa JAPAN kwa kalamu nyeupe, inang'aa, inanukia spiriti. Laki tano na nusu. Tukavutana mpaka nne na nusu. "Niachie hiyo mbovu nikupunguzie hamsini." Nikaona ana utu. Lipa namba ikatoa jina la mwanamke, akasema ni ya jirani, yake mtandao unasumbua.

Akaingia kidogo chini ya dashibodi upande wa dereva, eti anabana ethi, waya unaoshikwa kwenye bati la gari. Akafunga, akawasha. Muziki ukajaa gari! Nilimpa mkono mara mbili. Spika ya mlango wa dereva tu ndiyo haikulia. "Ampi ngeni hiyo bosi, bado inachanganya. Kesho itafunguka."

Haikufunguka. Nikaenda Tabata kwa mzee mmoja fundi umeme, hana duka, ana mwembe. Akatoa mita, akapima waya za spika zile zinazolia, mmoja mmoja na bodi ya gari: volti sita hivi, nusu ya betri. Akasema ampi hii ni nzima. Akachukua betri ya saa ya ukutani, akagusisha kwenye waya za spika ya mlango, ikajibu krrr. Spika nayo nzima. Basi akafuata waya. Chini ya dashibodi, pale pale jamaa alipokuwa "anabana ethi", waya wa mlango umekatwa kwa koleo na kufungwa tepu mpya. Akavuta ile raba iliyo kati ya mlango na bodi, ndani yake waya umechubuka, shaba iko nje inagusa bati. Mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku, waya unajikunja hapo hapo mpaka unaliwa. Na waya mmoja ukipiga shoti kwenye bodi, ampi inajilinda, inanyamazisha spika zote. Hiyo tu! Yule mwizi aliujua ugonjwa tangu mwanzo, akaukata waya, akanirudishia ampi yangu.

Najuaje ni yangu? Mzee aliigeuza chini juu. Juu walifuta, tumboni hawakugusa. Kwenye tundu la nati kuna utando mweusi wa ukwaju umeganda, na ndani ya utando imenasa shanga ya pinki ya binti yangu. Mzee alicheka mpaka akakaa. Kuunga waya, elfu kumi na tano.

Nikarudi Gerezani na ile shanga kwenye karatasi. Jamaa akaniangalia machoni: "Bosi, si ulituachia mbovu yako?" Risiti imeandikwa "ampi yuzidi, hairudishwi", muhuri wa bluu jina halisomeki. Vijana wakaanza kusogea, nikaondoka. Nimeshachukua RB, namba ya taarifa polisi. Afande kanisomea: kujipatia mali kwa udanganyifu, Kanuni ya Adhabu, mpaka miaka saba. Kwangu saba ni michache. Huyu afungiwe duka, avuliwe viatu, atembezwe mtaa wa Msimbazi wote na boksi lenye masizi kichwani, na yule kijana wa stoo nyuma yake.

Mnaoniuliza dalili: hakushika mita, hakuangalia fyuzi hata moja, bei ilitajwa kabla ya kipimo. Kifaa kilipelekwa nisikokuona. Wekeni alama zenu kabla ya kumpa mtu chochote, na cha zamani ondokeni nacho. Angalieni na jina la lipa namba kabla ya kulipa. Sauti ikikata mlango unapofunguliwa, anzeni na ile raba. Mengine nikitulia nitaandika, saa hizi mikono inatetemeka.

Duka nitamwelekeza mtu kwa simu, hapa siliandiki mpaka polisi wamalize. Mwenye risiti yenye muhuri wa bluu usiosomeka anitafute leo. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kituoni, na afande kasema tukienda wengi jalada litakuwa na uzito.