Makumbusho ya Freddie Mercury pale Shangani, nendeni jamani

Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu Mji Mkongwe kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, makumbusho yaliyofunguliwa 2019, na kwa kweli tumefurahi sana. Sehemu yenyewe si kubwa ila ina mengi, picha za familia yake, kina Bulsara, maisha yao hapa Unguja alikozaliwa 1946 mpaka walipoondoka 1964. Mimi kilichonigusa zaidi ni mambo ya shule, yaani mtoto wa miaka 8 anapelekwa bwenini St Peter's kule Panchgani, India! Waliosoma nae wanasimulia kwamba wimbo akishausikia redioni anakaa kwenye piano anaupiga vilevile, na kwenye bendi yao ya shule, The Hectics, wala hakuwa mwimbaji mkuu, yeye alikuwa piano na anayeimba ni Bruce Murray. Sauti yote ile, jamani! Mdogo wangu anajifunza kinanda, akaganda mbele ya picha moja huku vidole vinagongagonga pajani kama anapiga, nikamwacha tu. Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na watoto muwachukue.