TAHADHARI: Tumelipia nyumba kwa mtu ambaye ni mpangaji tu

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba ya kununua, someni hii kabla hamjatoa pesa yoyote. Mimi na mwenzangu tumepigwa. Tumelipa arubuni ya asilimia 10 ya bei, akiba ya miaka sita, kwa mtu aliyejiita mwenye nyumba kumbe alikuwa amepanga. Jina lake silitaji kwa sababu alilotupa lilikuwa la bandia na shauri liko polisi. Mbinu yake ndiyo naianika, maana haiishi kwake peke yake.

Nyumba tuliiona kwenye tangazo mtandaoni. Bei ilikuwa chini ya soko, ila kidogo tu, na hapo ndipo alipotuweza. Ingekuwa bei ya kutupa tungeshtuka. Hii ilikuwa bei ya mtu mwenye haraka, na sababu ya haraka alikuwa nayo: amepata kazi nje ya nchi, anasafiri mwisho wa mwezi.

Alitupokea yeye na dalali. Mtu wa makamo, mpole, haongei sana. Akatuambia nyumba ameijenga mwenyewe toka msingi. Tukaanza kuzunguka. Mlango wa stoo alijaribu funguo tatu ndipo ukafunguka. Kwenye korido akabonyeza swichi, ikawaka taa ya nje. Mwenzangu akamuuliza koki kuu ya maji iko wapi, alitaka kuona presha. Jamaa akatoka, akazunguka nyumba nzima, akarudi anapangusa matope kwenye kiatu na kusema fundi wake ndiye anayejua. Tukacheka naye. Mtu kajenga nyumba kwa jasho lake, hajui maji yanafungiwa wapi, na sisi tunacheka!

Kitu kingine: kila tulipotaka kwenda, alitupa saa nne asubuhi siku ya kazi. Jioni hawezi, Jumamosi "kuna mteja mwingine anakuja". Sasa najua kwa nini. Saa nne asubuhi majirani wote wako kazini, hakuna wa kukusalimia na kukuuliza unatafuta nini pale.

Kwenye karatasi ndiko alikotumaliza. Alituletea nakala ya hati, ya rangi, mihuri inaonekana, namba ya kiwanja ipo, jina ni lilelile la kwenye kitambulisho chake. Tulipomwambia tunataka kufanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuangalia kwenye daftari lao mmiliki ni nani, hakukasirika. Alitabasamu, akafungua bahasha, akatoa matokeo ya upekuzi yaliyokwisha kufanyika: "Wakili wangu ameshafanya wiki iliyopita, kwa nini mlipe ada mara mbili?" Tukaona ametuokolea muda. Nikimkumbuka na ile bahasha yake mpaka leo nasikia joto masikioni.

Bili ya umeme ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa. Akasema ni la marehemu baba mkwe wake, hajawahi kulibadilisha. Ni kweli watu wengi hawabadilishi majina kwenye mita, kwa hiyo tulimeza. Baba mkwe alifikaje kwenye mita ya nyumba uliyoijenga wewe? Swali hilo lilinijia usiku, nimelala, pesa imeshatoka. Na ilitoka kwenda akaunti yenye jina la tatu, ati ya mdogo wake, kwa kuwa yake inafungwa kabla hajasafiri. Majina matatu kwenye biashara moja.

Kilichotuokoa tusipoteze asilimia 90 zilizobaki ni mkopo. Benki haikutaka kuona bahasha ya mtu. Ilituma mtu wake ofisi ya ardhi na mthamini wake kwenye nyumba. Jibu la ofisi ya ardhi likaja: kiwanja kipo, namba ni ya kweli, mmiliki ni mtu mwingine, na juu yake kuna rehani ya benki nyingine ambayo haijalipwa. Mthamini naye, kwa kuwa alikwenda jioni bila kumpigia mtu simu, alikutana na jirani aliyemwambia, "Huyo? Huyo kapanga, hana hata miezi mitatu hapa." Tulipompigia simu muuzaji, ikaita mara moja ikakatwa. Mara ya pili haikuita tena.

Tulimpata mwenye nyumba halisi. Mwanzo alidhani sisi ndio matapeli. Tulipokaa chini, akakumbuka kwamba mwaka uliopita aliwahi kuitangaza nyumba ile kuiuza, na kwenye tangazo akaweka picha ya hati ili wateja wamwamini. Hakupata mteja, akaamua kuipangisha. Namba ya hati, mihuri, sahihi ya msajili, vyote vilikuwa mtandaoni kwa yeyote mwenye kompyuta na printa nzuri. Tapeli alibadilisha jina tu. Akapanga nyumba, akapata funguo, akawa na kila kitu cha kumwonyesha mteja. Nilimuuliza mzee huyo koki kuu iko wapi. Hakufikiri: "Nyuma ya jiko, chini ya kifuniko cha chuma, inafungwa kwa kulia na ni ngumu kidogo."

Sasa, wewe unayenunua. Sheria za ardhi hutofautiana nchi na nchi, lakini mahali penye daftari la usajili, upekuzi nenda mwenyewe, au mtume wakili uliyemtafuta wewe na unayemlipa wewe. Matokeo anayokuletea muuzaji ni karatasi kama karatasi nyingine, hata kama mhuri wake unang'aa. Ukipata majibu, usitazame jina la mmiliki ukaridhika. Tazama ukubwa wa kiwanja kama unalingana na unachokiona kwa macho, tazama kama kuna rehani, tazama kama kuna zuio la mahakama au la mtu anayedai sehemu. Na rudia upekuzi siku ya kulipa au siku moja kabla yake. Hati iliyokuwa safi mwezi uliopita inaweza kuwa imewekwa rehani jana.

Rehani peke yake siyo sababu ya kukimbia. Nyumba zenye mkopo huuzwa kila siku, ila deni hulipwa benki moja kwa moja kutoka kwenye pesa yako na benki hutoa barua ya kuiachia hati. Anayekuambia "nipe mimi nitakwenda kulipa" mwache.

Arubuni isiingie mfukoni kwa muuzaji. Ikae kwenye akaunti ya wakili ya pesa za wateja au kwa mtu wa tatu ambaye pande zote mbili zimemkubali, na mkataba useme wazi inarudi lini na kwa sababu gani. Sisi tulikuwa na risiti ya mistari minne, bila shahidi, imeandikwa "malipo ya nyumba". Nyumba ipi, haisemi.

Kama anayeuza si mmiliki, mtazame mara mbili. Anauza kwa niaba ya ndugu aliye mbali? Ongea na huyo ndugu kwa video, na hati ya uwakilishi ithibitishwe kule ilikotolewa. Nyumba ya marehemu? Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si mtoto mkubwa tu. Na kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa iandikwe. Nchi nyingi huwezi kuuza nyumba ya familia bila hiyo, na kesi zake huchukua miaka.

Halafu nenda kwenye nyumba wakati ambao hukualikwa. Nenda jioni. Nenda baada ya mvua, hapo utaona na paa linavyovuja na ukuta uliopakwa rangi mpya sehemu moja tu. Salimia jirani. Muulize muuzaji maswali ya kipuuzi ya mtu anayeishi pale: maji yanafungiwa wapi, shimo la choo lilinyonywa lini, chumba gani kinachemka mchana, jirani yupi ana mbwa. Hati anaweza kuichapisha. Majibu ya hayo hayachapishiki.

Wauzaji nanyi msidhani haliwahusu. Picha ya hati usiiweke kwenye tangazo, hata ukifunika jina. Mteja wa kweli ataiona mezani, kwa wakili. Hati halisi usimpe mnunuzi "akaionyeshe benki". Benki zenyewe zinajua pa kuuliza. Na funguo hazitoki kwa picha ya risiti ya benki iliyotumwa kwenye simu, subiri pesa ionekane kwenye akaunti yako. Ukiwa umepangisha nyumba, pita mara moja moja, au mwombe jirani akupigie simu akiona watu wapyawapya wanapitishwa vyumbani.

La mwisho halikutupata sisi, lilimpata mtu wa karibu. Muuzaji alikuwa halali, hati halali, kila kitu sawa. Siku ya kulipa ikaja barua pepe iliyoonekana imetoka kwa wakili, ikisema namba ya akaunti imebadilika. Kumbe mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe zao siku nyingi, anasoma na kusubiri. Ukiambiwa akaunti imebadilika, mpigie wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo.

Kama umeshalipa na umeanza kuhisi vibaya, usimpigie tapeli kumbembeleza. Piga benki yako kwanza, dakika hiyohiyo, uombe waizuie pesa au wawasiliane na benki iliyoipokea, kisha polisi. Sisi tulipoteza siku mbili tukimtumia ujumbe wa upole, na pesa ilitolewa siku ya pili.

Dalali anasema naye alidanganywa. Inawezekana. Kamisheni yake hajairudisha. Kama kuna mtu alipitishwa kwenye nyumba asubuhi ya saa nne na bwana mpole mwenye bahasha ya upekuzi ulio tayari, naomba aende kituo cha polisi kilicho karibu naye aandikishe maelezo, hata kama hakulipa kitu. Mpelelezi ametuambia malalamiko ya mtu mmoja huenda polepole. Nikipata jipya nitaandika hapahapa.