Rilei ya gari: ipi ununue kwa taa, honi na feni

Kama unaongeza taa za mbele, honi kubwa au feni ya rejeta kwenye gari la volti 12, nunua rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) mpya ya pini 4, ampea 40, yenye rezista (kizuia umeme) ndani. Hiyo tunaiweka namba moja.

Kwanza ujue unalipia nini. Ndani ya kile kiboksi kuna koili ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye chuma, na juu yake pointi mbili zilizoachana. Moto (umeme) ukipita kwenye koili, yaani pini 85 na 86, chuma kinageuka sumaku, kinavuta kimkono, pointi zinagusana, na moto mzito unapita kutoka pini 30 kwenda 87. Koili inakula kama ampea 0.15 tu, kwa hiyo swichi ndogo ya dashibodi inawasha feni ya ampea 20 bila kuyeyuka.

Sababu ya kudai rezista ni hii: ukizima, koili inarudisha mshtuko wa umeme unaoweza kuzidi volti 100, na huo ndio unaoua kontrolboksi (kompyuta ya gari) na kula pointi za swichi; rezista inaupunguza. Zipo pia zenye dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu), nazo zinazima mshtuko vizuri zaidi, ila haziruhusu makosa: 86 lazima iwe chanya na 85 iende bodi, yaani hasi. Ukigeuza, dayodi inapiga shoti. Anayefunga mwenyewe achukue ya rezista. Bosch, Hella na Panasonic wote wanauza rilei nzuri za aina hii, lakini boksi lenye jina si ushahidi, pima kwanza.

Namba mbili ni ya pini 5, iliyoandikwa 40/30. Pini ya katikati, 87a, ina moto wakati rilei imezimwa na inakatika ikiwaka. Inafaa pale unapotaka kubadilisha njia, au kukata moto wa pampu ya mafuta kwa alamu. Ile ampea 30 ni ya 87a, usiipe mzigo wa ampea 40. Ukiitumia mahali pa pini 4, funika 87a, maana 30 ikiwa na moto wa betri, 87a nayo ina moto hata gari likiwa limezimwa. Tena soma ubavuni: nyingine za pini 5 hazina 87a kabisa, zina 87 mbili.

Namba tatu, rilei za mtumba kutoka magari ya Japani. Kuziba pengo la rilei ya asili kwenye boksi la fyuzi, tungeziweka juu ya mpya isiyo na jina. Ugumu ni mpangilio wa pini. Kwenye nyingi za Toyota, 1 na 2 ni koili, 3 na 5 ni pointi. Hata zile za namba 30 na 87 zina mipangilio miwili, na mmoja umebadilishana nafasi za 30 na 86. Kuingia kwenye soketi hakuthibitishi kwamba ndiyo yenyewe, linganisha mchoro.

Za ampea 70 ni za mizigo mikubwa kweli. Pini zake za moto mzito huwa na upana wa milimita 9.5 badala ya 6.3, kwa hiyo zinadai soketi yake. Usiinunue kwa ajili ya taa mbili za wati 55, ambazo zinakula kama ampea 9 tu.

Za kuacha dukani: isiyo na volti wala ampea ubavuni, yenye pini nyembamba zinazocheza ukizishika, na flasha ya indiketa, ambayo umbo lake linafanana lakini pini zake ni 49 na 49a. Ya volti 24 ya lori haitavuta kwenye gari dogo. Ya volti 12 ukiitia kwenye lori, koili inapata joto mara nne na kuungua.

Kabla hujalipa, omba multimita (mita ya kupimia umeme). Koili ya volti 12 isome kama omu 70 hadi 100. Kati ya 30 na 87 pasiwe na njia. Ipe volti 12: isikike tak moja kavu, na mita isome karibu sifuri kati ya 30 na 87. Ikitetemeka, rudisha.

Wakati wa kufunga, fyuzi ikae karibu na betri. Waya wa 30 na 87 uwe milimita za mraba 2.5 kwa taa, 4 kwa feni. Koili inatosha 0.75. Mota inavuta mara kadhaa zaidi inapoanza, kwa hiyo feni inayokula zaidi ya ampea 25 usiipe rilei ya 40: pointi zinagandana na feni haizimiki. Elekeza pini chini ili maji yasitue ndani.

Taa zikiwaka, pima volti kati ya 30 na 87. Zaidi ya 0.2, pointi zimeungua au soketi imelegea. Shika soketi kwanza; ikiwa ya moto na plastiki imebadilika rangi, badilisha zote mbili, maana terminali iliyolegea itaunguza na rilei mpya.