4x4 kwa barabara za Kanda ya Ziwa: kabla ya kulipa, lala chini uangalie chasisi

Malalamiko yanayonifikia siku hizi yanafanana. Mtu kanunua gari linang'aa, kalipeleka Sengerema vijijini au Ukerewe mara kadhaa, kisha fundi analiinua na kumwonyesha chasisi iliyoliwa na kutu. Lawama wanalitupia ziwa. Jamani, maji ya Victoria hayana chumvi! Chumvi ilianzia Japani. Mikoa ya kaskazini kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu, na gari lililotumika huko miaka mingi linatufikia na ugonjwa wake.

Kwa hiyo habari za redio, kamera na viti vya ngozi mtazipata kwingine. Chukua tochi, ingia uvunguni. Angalia pale chasisi inapopinda kupita juu ya eksi (ekseli) ya nyuma, maana ndipo tope la chumvi hujikusanya. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mzito na kudondosha maganda. Pitisha kidole kwenye matundu ya chasisi, kwani kutu huweza kula kwa ndani huku nje pakiwa safi. Kagua na bomba za breki. Ukikuta gari la miaka 15 limepakwa rangi nyeusi mpya chini kote, shtuka.

Mimi ni mtu wa Toyota na sifichi. Namba moja ni Prado ya toleo la 2002 hadi 2009, petroli ya lita 2.7. Inavuta magurudumu manne muda wote, difu ya katikati inafungwa ili mbele na nyuma zizunguke pamoja, 4L (gia nzito za mwendo wa polepole) ipo, na vipuri Mwanza hukosi. Ukipita Lamadi ukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, mbele kuna udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Hapo Prado inapita na watoto wamelala nyuma.

Ya pili ni Land Cruiser mkonga (lile lenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo) yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, ambayo fundi wa Nansio kule Ukerewe anaifungua bila kompyuta. Ila inachosha mgongo, na bei yake ni ya mashirika, si ya familia.

Ya tatu ni Suzuki Escudo ya kuanzia 2005 yenye 4L. Ile ya cc 2,000 inaangukia ushuru wa bidhaa wa 5%, wakati injini zinazozidi hapo ni 10%.

RAV4 na X-Trail za bei nafuu hazina 4L. Ni za lami na changarawe kavu.

Sasa wauzaji. Karatasi ya mnada wa Japani huonyesha kutu kwa herufi S na uozo kwa herufi C. Iulizie yadi, utaambiwa imebaki Dar. Gari lililozidi miaka 8 linatozwa ushuru wa uchakavu, mzigo huo anaubeba mnunuzi, halafu anauziwa uchakavu wenyewe umefunikwa rangi! Dalali naye anakula pande zote mbili, na chasisi ikikatika simu hapokei. Kuna muuzaji alikataa gari lisipelekwe kwenye shimo la gereji ya mtaa wa pili, eti mafuta ghali, huku akidai mamilioni taslimu siku hiyo hiyo. Wa namna hiyo mwachie gari lake.