Nanga za zege za madema: miezi saba nikizitumia Chwaka

Nina madema sita, yaani mitego ya samaki ya kusuka inayozamishwa chini, nayatega hapa Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja. Mimi si mvuvi wa kuishi kwa uvuvi: siku za kazi nauza vifaa vya umeme mjini, baharini naenda Ijumaa na Jumapili na baba mdogo, mvuvi tangu sijazaliwa. Miaka yote tumefunga mawe. Unaokota pwani jiwe lenye kiuno, unalizungushia kamba, moja ubavu huu, jingine ubavu ule, dema linazama. Tabu ni kwamba jiwe lenye kiuno kizuri huliokoti kila siku, na lisilo nacho huchomoka. Siku hiyo dema linapanda limelala ubavu, mlango umeachia, na samaki wako, tasi, washajiendea.

Basi mwezi wa pili nilipomkuta fundi mmoja wa matofali anamimina nanga za zege kwenye mabeseni, nilifurahi. Kila moja kilo 12, juu ina kitanzi cha nondo nyembamba. Alinipimia kwenye mizani mbele ya macho yangu. Shilingi 7,000 moja, nikachukua sita, akaniletea mpaka nyumbani kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Kwa huduma sina neno. Baba mdogo aliziangalia, akakigusa kitanzi kwa kidole gumba, akasema tu, "Haya mwanangu, tutaona."

Nilifunga moja kila dema, chini katikati, pale palipokuwa na mawe mawili. Wiki ya kwanza maji yalikuwa mafu, hayajai wala kutoka sana, na mambo yakaenda vizuri: dema linashuka sawa, linakaa wima, unalivuta bila kukwaruza mkono. Nikaanza kuwatangazia wenzangu.

Halafu likaja bamvua la mwezi mpevu, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu. Kati ya madema sita, mawili hatukuyaona kabisa asubuhi ile. Moja tulilikuta siku ya pili, hatua kama mia mbili kutoka nilipolitega, limejaa majani ya bahari kama gunia la taka. La pili mpaka leo. Hasira zangu zote zilimwendea fundi: kaniuzia zege jepesi, kanipunja saruji, kaweka mchanga mtupu. Nikataka kwenda kudai pesa yangu.

Baba mdogo akanizuia. "Umelipima wapi jiwe lako?" Nikamwambia dukani kwa fundi. "Na samaki unawatega dukani?"

Hapo ndipo nilipochukua pipa la maji ya bahari na ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia pweza. Nanga ya kilo 12, ikiwa imezama yote bila kugusa chini, mshale ulisimama kwenye kilo 6 na nusu hivi. Nusu kasoro kidogo imeliwa na maji. Fundi hakunipunja, zege ndivyo lilivyo, kila kitu kikizama husukumwa juu kwa uzito wa maji kiliyoyasogeza, na zege ni nene lakini si zito kama tunavyodhani. Nikapima na jiwe letu la mwamba lenye uzito uleule: lilitoa mapovu kwanza, maana lina vitundu, kisha likabaki na kilo 5 na ushei. Kwa hiyo zege limelishinda jiwe, moja kwa moja. Ila mimi nilikuwa nimeondoa mawe mawili nikaweka nanga moja. Hesabu hiyo hata mwanangu wa darasa la nne angeikataa.

Jingine lililonitoa jasho ni boya. Natumia dumu tupu la mafuta, lita 5. Kamba nilizikata mwenyewe, pima tatu kila moja (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), kwa kina nilichopima siku ya maji mafu. Bamvua likaja, maji yakajaa kupita yale niliyopimia kwa zaidi ya mita moja, kamba ikaisha, dumu likazamishwa. Dumu la lita 5 likizama lote linavuta juu kwa kilo 5. Toa 5 kwenye 6 na nusu. Dema limebakiwa na kilo moja na nusu za kulikalisha chini, na mkondo wa bamvua pale mlangoni mwa ghuba unakwenda mbio. Lilikuwa linatembea kwa ncha za vidole. Boya nililofunga ili nisilipoteze ndilo lililolipoteza.

Siku hizi kamba zangu ni pima tano, na dumu nimebadilisha nikaweka chupa mbili ndogo za soda zilizofungwa pamoja. Kuona zinaonekana, na kuvuta hazina nguvu ya kunyanyua kitu. Lakini kamba ndefu nayo ina vurugu zake maji yakitoka: ile ya plastiki ya buluu inaelea, inajikunja juu ya maji, boti ya mashine ikipita inaikata kwa panga la injini. Dawa yake ni kuunganisha mbili. Chini, karibu na dema, plastiki inayoelea, isijisugue kwenye mwamba. Juu, pima mbili za mwisho, nailoni, kwa sababu nailoni inazama. Kama nailoni huna, funga chubwi, kizito kidogo cha kuzamishia, katikati ya kamba.

Sasa kosa la kweli la bidhaa, maana hili si langu. Ni kile kitanzi. Nondo imezama kwenye zege kidogo tu, na naamini kabisa mchanga aliotumia fundi ni wa pwani, haukuoshwa, kwa sababu mwezi wa tano madoa ya kutu yalishatoka juu, na kufika mwezi wa saba nanga tatu zilikuwa na ufa unaotokea kwenye kitanzi kwenda pembeni. Chuma kikishika kutu kinavimba, na chumvi ndani ya zege inakiharakisha. Moja ilipasuka mkononi mwangu, nikabaki na kitanzi kama kipini cha kikombe. Kabla ya kupasuka, kutu ile ile ina meno: ilikula kamba yangu mara mbili. Nilikata mpira wa maji wa bustani, vipande vya shibiri moja, nikapitisha kamba ndani yake pale inapogusa chuma, na toka siku hiyo haijakatika tena.

Nilirudi kwa fundi, safari hii bila hasira. Nikamwomba vitu vitatu: mchanga wa shamba na maji ya mfereji, asiweke chuma kabisa bali aache tundu kwa kipande cha bomba la plastiki, na badala ya moja ya kilo 12 anifanyie mbili za kilo 8, bapa kama sahani. Alikubali, na hakunipandishia bei kwa kilo. Bapa ni muhimu kuliko nilivyofikiri. Ile ya mwanzo chini ilikuwa na mviringo wa beseni, kwa hiyo kwenye mchanga dema lilikuwa linabembea, na samaki hawaingii kwenye dema linalocheza. Mbili bapa, moja kila ubavu kama mawe ya zamani, linatulia.

Viroba vya mchanga nimejaribu pia, sitarudia. Jua na mawimbi vinakichana, mchanga unamwagika, unabaki na nyuzi za plastiki zinazoelea.

Nilichokipenda zaidi, na sikukitegemea, ni ngoma ya breki ya gari la mizigo niliyopewa bure gereji. Ya kilo 12 majini inabaki zaidi ya kilo 10, ina tundu katikati, chini ni bapa. Ioshwe mafuta kwanza kwa sabuni. Ubaya wake ni wezi. Chuma chakavu kina soko, zege hakuna anayelipigia mbizi.

Kwa nanga za mwanzo natoa nyota 3 kati ya 5. Zile bapa zenye tundu, nyota 4 na nusu. Ukinunua popote, beba ndoo ya maji na mizani. Na mlango wa dema ufunge kwa uzi wa katani, si nailoni: dema likipotea, katani huoza na mlango ukaachia samaki watoke. Lile dema langu lililopotea nililifunga kwa nailoni, na kila nikikumbuka najua huko liliko bado linaua samaki wasio na mlaji.

Zile tatu zilizopasuka zimekandamiza bati la banda la kuku. Baba mdogo yeye madema yake bado yana mawe, ila juzi nilimwona anaizungusha moja ya zangu bapa, anachungulia tundu.