Wamenisafishia mkanda vizuri, kisha wakatupa negativu zangu

Nianze na haki ya hawa wa duka la kusafisha mikanda ya picha, maana hasira ikishapanda sitaisema tena: rangi wanazotoa ni safi. Ngozi ya mtu inabaki ngozi, haiivi ikawa nyekundu. Skani ziliingia kwenye simu mapema kuliko walivyoahidi. Ningekuwa mtu wa skani tu, ningewapa nyota zote tano nikaenda zangu kulala.

Sasa sikia. Nilipokwenda kuchukua negativu, yaani mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa, kijana wa kaunta akaniuliza, "Negativu za nini tena, mzee? Picha si tumeshakutumia?" Nikamwambia nimekuja kuchukua mali yangu. Akacheka kidogo, akamgeukia mwenzake, wakanong'onezana, kisha akasema, "Hizo huwa hatuweki. Tunatupa." Tunatupa! Na macho yameshahamia kwenye simu yake. Hakuna pole, hakuna hata "ngoja nimwite mkubwa". Fomu niliyojaza haina mstari mmoja unaosema negativu hutupwa. Nimeisoma mpaka imechakaa.

Labda kijana hajui anachotupa, na wa kulaumiwa ni aliyemweka pale. Miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu wa kamera, hata mimi nisingeziulizia. Nilikuwa mtu wa dijitali na wa vifaa. Nikibonyeza, kamera inamwaga fremu kumi kwa sekunde. Usiku nakuza picha kwenye skrini hadi asilimia mia, nakagua kope za mtu badala ya kumtazama mwenyewe. Lenzi zilijaa begi hadi bega likauma. Kikaja kipindi cha kukoleza rangi, anga za buluu isiyopatikana popote duniani (hicho tukiache). Kisha lenzi zikaanza kuondoka moja moja, nikabaki na ya milimita 50, na mwisho nikaangukia kwenye mkanda wa fremu 36. Fremu zikiwa za kuhesabu, unajifunza kusubiri. Unamwacha mtu amalize kucheka, atulie, aisahau kamera, ndipo unabonyeza. Siku hizi naweza kutoka na kamera nikarudi sijapiga hata moja, na wala siumii.

Kwa mtu aliyefika hapo, negativu ndiyo picha yenyewe. Skani ni nakala, na aliyeiskani ndiye aliyeamua giza lianzie wapi na mwanga uishie wapi. Kwenye mkanda ule kuna picha ya mama ameketi karibu na dirisha. Uso umetoka vizuri ajabu, lakini dirisha lote limekuwa jeupe pe. Nje ya dirisha palikuwa na mti, niliuona kwa macho yangu. Mkanda wa rangi huvumilia mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo mti ule karibu hakika ulikuwamo kwenye negativu, ukisubiri mtu wa kuiskani upya taratibu. Kwenye faili la JPEG walilonitumia, palipo peupe hapana kitu chini yake. Punguza mwanga upunguzavyo, utaambulia kijivu.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948 na akatunza negativu zake kwa maelfu. Miaka ya 1990 zikakuzwa upya, zikatundikwa Paris, na ndipo watu wa mbali wakamjua. Mimi si Keïta, na mama hataki kutundikwa Paris. Lakini nani alimpa kijana wa kaunta kazi ya kuamua hilo?

Mara ya kwanza niliwapa nyota tatu, kwa ajili ya rangi. Baadaye mtu wao akanipigia, mpole kweli, ananiita mzee wangu kila baada ya maneno mawili, nikataka kuongeza iwe ya nne. Kumbe simu yenyewe ni ya kunipa punguzo la mkanda ujao! Kuhusu negativu akasema "ndiyo utaratibu wetu". Nikashusha zikawa mbili.

Mkanda ulio kwenye kamera sasa umebakiza fremu chache. Kuna saa nawaza niwapelekee tu, niandike juu ya bahasha kwa herufi kubwa NEGATIVU ZIRUDI, kwa sababu rangi zile sijazipata kwingine. Halafu naisikia tena ile "tunatupa". Mkanda wa rangi unataka dawa yenye joto la nyuzi 38 hivi, isipande wala kushuka, kwa dakika tatu na robo, na watu wanafanya hayo bafuni kwao. Tangi na kipimajoto nimeshaagiza. Nyota moja, basi. Na hiyo ni ya aliyezitengeneza skani. Kijana wa kaunta asiiguse.