Jimu ya buku Manzese, yenye kocha wa daftari

Nianze na hasara. Mwaka juzi nililipa 600,000 kwenye jimu moja yenye kiyoyozi na vioo ukuta mzima, ada ya mwaka kwa mkupuo, kisa punguzo. Nilikwenda mara tisa. Mimi nauza nafaka, hesabu hiyo haikunisumbua: kila nilipopanda ile mashine ya kukimbilia ilinila zaidi ya 66,000.

Ninakokwenda sasa ni banda la mabati nyuma ya gereji, dakika tano kwa mguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Manzese. Kibao hakuna, fomu hakuna. Unatoa buku mlangoni, usipokuja hulipi. Nilidhani utaratibu huo utanizidishia utoro. Kumbe ile noti ukiitoa mkononi mwako kila siku inauma kidogo, na ukishaitoa huondoki mpaka uirudishe kwa jasho.

Vyuma ni vya kuchomelea. Uzito ni diski za breki za lori, gia kuukuu na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kulikuwa na makopo mawili yameandikwa 20 kwa rangi nyeupe, lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa unazidiwa kila mara. Nikaomba niyapeleke dukani kwenye mizani. Moja kilo 18 na nusu, mwenzake 21. Kocha alicheka, akachukua brashi akasahihisha. Kwa hiyo namba mtakazozikuta pale nimezipima mwenyewe, ziaminini.

Siku ya kwanza vijana wote walinipa shikamoo. Nina miaka 44, na kuamkiwa ukiwa ndani ya bukta kunauma. Kocha akafungua kaunta buku lake, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kutoa kitambi, nipungue, niwe fiti. Akaweka kalamu chini.

“Mzee, hayo siandiki. Nitajie kitu nitakachokuhesabia.”

Nikawaza. Zamani nilikuwa nashusha gunia la kilo 50 mwenyewe, kutoka kwenye guta hadi stoo. Siku hizi vijana wa dukani wananipokonya: “Acha tu, mzee.” Nikamwambia hilo. Akaliandika vilevile: gunia, guta hadi stoo, miezi minne. Chini yake akalikatakata. Wiki ya kwanza pushapu tano bila goti kugusa chini, wiki ya tatu kumi. Skwati na kopo moja, kisha mawili. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.

Zahanati, siku presha iliposoma 150 kwa 95, walishaniambia nitafute angalau dakika 150 za kutoa jasho kwa wiki, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na misuli siku mbili juu yake. Kocha akasema vyuma visihesabiwe humo. Nimeacha bajaji: dukani hadi nyumbani Mabibo ni nusu saa kwa mwendo wa mtu anayekimbizana na daladala ya mwisho, siku tano.

Usipotokea, hakupigii simu. Anachora duara kwenye tarehe yako, na daftari liko wazi mezani. Ukija Ijumaa, kila mtu ameshaliona duara la Jumatano. Kuna fundi cherehani mmoja amejipa kazi ya kutangaza: “Jamani, leo tuna mgeni!” Aibu hiyo imenitoa kwenye kochi mechi ikiwa dakika ya thelathini.

Kasoro zipo. Bomba ni moja na choo ni cha gereji. Kuanzia saa 12 jioni benchi linagombewa na vijana wanaotaka kifua tu, miguu kama njiti. Nendeni saa 10. Mvua ikinyesha, mabati yanavuja palepale pa kurukia kamba na sakafu inateleza. Kocha naye ana papara. Wiki ya sita aliniongezea kopo kabla ya wakati, bega likanisumbua siku kumi. Siku hizi akiongeza, napunguza, tunatazamana. Halafu kuna jamaa anapitapita na unga kwenye mfuko usio na lebo, anaapa unajaza misuli kwa mwezi. Mimi muuza nafaka, nitanunuaje unga nisioujua ulikosagwa?

Gunia nililibeba mwezi wa tano badala ya wa nne. Vijana wa dukani walinyamaza, mmoja akanishikia mlango. Stoo nilifika, ila nililitua vibaya, mshono ukafumuka, maharage yakatapakaa hadi barazani. Mke wangu alipoona mkanda umeingia matundu mawili ndani alicheka, akasema sasa suruali zote zipelekwe kwa fundi. Kwenye mizani nimepungua kilo sita tu. Presha mara ya mwisho ilisoma 134 kwa 86.

Banda linafunguliwa saa 10 alasiri hadi saa 3 usiku. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Nendeni na taulo na chenji, kocha hana kawaida ya kurudisha chenji. Mimi nimefunguliwa ukurasa mpya: kujivuta kwenye chuma cha juu mara tatu hadi Desemba. Mpaka juzi kocha alikuwa ameandika sifuri. Jana kidevu kilikaribia, tukabishana, akakubali kuandika nusu.